Mimba Ikiwa Hatari, Je, Ni Lazima Baba Akubali?

Kama watoto wako karibu, waambie wakacheze nje kidogo, kwa maana mazungumzo ya leo ni ya watu wazima.

Swali hili hutufikia mara nyingi kutoka Kayole, Dandora, Umoja na Huruma: daktari akisema mimba hii inaweza kumuua mama, je, ni lazima bwana akubali kwanza ndipo itolewe? Mama yuko kitandani akiumwa, na jamaa wanasema, "Sister, baba watoto yuko safarini, tumngojee."

Mama, usingoje. Hapa Kenya kutoa mimba kumekatazwa, lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 26(4), inaruhusu pale ambapo mhudumu wa afya aliyehitimu ameona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha ama afya ya mama iko hatarini, au ikiwa sheria nyingine inaruhusu. Sheria ya Afya ya 2017 inawataja wahudumu hao: daktari, muuguzi, mkunga na tabibu. Mume hatajwi, mama mkwe hatajwi. Anayepima hatari ni mhudumu, na anayekubali au kukataa ni mama mwenyewe. Akiwa amezimia, na kuchelewa kunaweza kumuua, sheria hiyo haiwalazimishi wahudumu kutafuta sahihi ya jamaa.

Chukua mfano wa mimba iliyotunga kwenye mrija, nje ya mji wa mimba. Hiyo haiwezi kukua ikawa mtoto wa kuzaliwa. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo ambako huioni, na mama anaweza kufa kwa muda wa saa chache. Basi la kutoka Mombasa halifiki haraka hivyo.

Je, baba si kitu basi? La, si hivyo. Mtoto alikuwa wake pia, naye huumia, ingawa wanaume wetu huficha. Kama ni mtu wa kusikizana, mwambie mapema, aje kliniki, amuulize daktari maswali yake yote. Atahitajika kutafuta gari usiku, kutoa damu, kubaki na watoto. Lakini kama ni mtu wa ngumi, au mimba ni ya kubakwa, wewe ndiwe unayejua kama ni salama kumwambia. Siri yako ni yako. Muuguzi hana ruhusa ya kumpigia simu bila idhini yako. Ukipigwa au kutishwa, namba 1195 haina malipo.

Kuna mwanamume mwingine ambaye hatumzungumzii vya kutosha: yule anayekutia noti mkononi na kusema, "Kamalize hiyo maneno." Huyo naye hana haki ya kukuamulia. Kanuni ya Adhabu inamweka anayempa mwanamke dawa ya kutoa mimba kinyume cha sheria katika hatari ya kifungo cha hadi miaka 14. Na vichochoroni ndiko wengi huumia. Utafiti uliohusu mwaka wa 2012 ulikadiria kwamba karibu wanawake 120,000 nchini walitibiwa kwa madhara ya kutoa mimba.

Ikiwa jambo limeshatendeka, usimfungie msichana chumbani kwa aibu. Mwaka wa 2014 msichana mmoja aliyebakwa alitolewa mimba kwa njia isiyo salama, akahamishwa hospitali moja hadi nyingine, na akafariki 2018. Mama yake alikuwa ameenda mahakamani, na Juni 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki za binti huyo zilikiukwa.

Kwa hivyo angalia dalili hizi: damu inayolowesha pedi mbili kwa saa moja, homa, uchafu unaonuka, maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu. Ukiona hata moja, nenda mara moja Mama Lucy Kibaki, Pumwani, au kituo kilicho karibu nawe. Katiba, kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mweleze mhudumu ukweli wote, hata dawa uliyomeza, ili ajue atakavyokutibu. Beba kadi ya kliniki na kitambulisho kama viko karibu. Kama haviko, enda hivyo hivyo. Na kama bwana hayuko, bisha mlango wa jirani akusindikize.