Mtoto anapiga picha kwenye magofu? Mzazi, uliza kwanza ameingia wapi

Jumamosi jioni mtoto anarudi nyumbani, viatu vimejaa vumbi. Ukiomba simu yake unaona picha: korido isiyo na milango, ukuta unaobanduka rangi, mwanga unaopenya kwenye tundu la paa. Ni picha nzuri, kusema kweli. Shida ni mahali zilipopigwa.

Shinyanga na Geita ni kanda ambayo migodi hufunguliwa na kufungwa. Mgodi wa zamani wa Geita, ulioanza enzi za mkoloni, ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Buzwagi, wilayani Kahama, uzalishaji ulikoma mwaka 2021. Kazi ikiisha hubaki ofisi, maghala na mashimo, na kijana mwenye simu yenye kamera huona humo picha ambayo wenzake hawana.

Cha kwanza kuuliza ni kama aliona popo. Popo wakubwa wala matunda wanaolala kwenye mapango na mashimo ya migodi ndio hubeba virusi vya Marburg. Huko Durba, mashariki mwa Congo, kati ya mwaka 1998 na 2000, ugonjwa huo uliwapata watu 154, wengi wao wachimbaji wa dhahabu, na 128 walifariki. Mwaka 2007 ukawapata wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda. Hapa kwetu, Januari 2025 uliripotiwa Biharamulo, jirani kabisa na Chato.

Si kila popo wa darini ni wa aina hiyo, ila gizani mtoto hawezi kuwatofautisha. Hata wale wengine, kinyesi chao huweza kuotesha kuvu, na vumbi lake likivutwa huleta ugonjwa wa mapafu wenye kikohozi na homa. Dalili hizo hufanana na za kifua kikuu, na katika mikoa ya machimbo ni rahisi kuchanganya.

Kuna na paa lenyewe. Majengo mengi ya taasisi ya zamani yaliezekwa kwa asbestosi. Likiwa zima halina shida kubwa. Likivunjika hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana, ambazo zinaweza kuleta saratani miaka 20 au 40 baadaye. Rangi za zamani nazo huweza kuwa na madini ya risasi. Palipowahi kuoshwa dhahabu, udongo unaweza kuwa na zebaki.

Kumchapa hakusaidii sana. Wiki ijayo ataenda tena, safari hii atafuta picha kabla hujaziona. Afadhali mkubaliane: apige akiwa nje, kwa ruhusa ya mwenye eneo, mchana, na asiende peke yake. Shimo la mgodi haliingiwi kwa sababu yoyote, hata kama wenzake wameingia.

Kama tayari ameingia, aoge na nguo zifuliwe peke yake, bila kukung'utwa ndani ya nyumba. Dalili za Marburg hujitokeza kati ya siku 2 na 21. Akipata homa kali, kichwa, kutapika au kuharisha katika muda huo, piga simu 199, ni bure, au mpeleke kituo cha afya haraka. Ukifika, mweleze mhudumu mapema kwamba mtoto aliingia kwenye jengo au shimo lenye popo. Picha za kwenye simu zitamwonyesha ni wapi.