Oksitosini na Kijana Aliyeacha Kuingia Sablani

Katika sabla za Maskati, mabaraza ya jamaa ambamo Kiswahili cha Unguja bado husemwa na wazee waliorejea kutoka pwani, kahawa haipoi finjanini mtu akawa hajaulizwa hali yake na ya watu wake. Hivyo kijana aliyeacha kuingia, anayejifungia chumbani wala haitiki salamu, hutambulikana upesi, ila aghalabu husemwa kwamba ana kiburi au amepagawa na jini, ilhali huenda ameshikwa na skizofrenia, maradhi yampatayo takriban mtu 1 katika kila 300 duniani.

Dawa za maradhi haya, zilizoanza na klorpromazini mwaka 1952, huzituliza sauti anazozisikia mgonjwa peke yake, na hiyo ni neema kubwa. Lakini hazimrudishii hamu ya suhuba wala wepesi wa kuusoma uso wa mwenziwe, na kwa rai yangu upungufu huo humnyima kazi na ndoa kuliko sauti zenyewe.

Ndipo matabibu walipoikumbuka oksitosini, homoni ya ubongoni ambayo wakunga huijua kwa kuongeza uchungu na kuzuia damu baada ya kuzaa, na ambayo Vincent du Vigneaud wa Marekani aliiunda maabarani mwaka 1953, akatunukiwa Nobeli mwaka 1955. Kwa kuwa katika wanyama imedhihirika kuwa huchangia kumfungamanisha mama na mwanawe, wataalamu walijaribu kuwapulizia wagonjwa puani. Na mwaka 2010 David Feifel na wenziwe wa San Diego walitangaza kwamba wagonjwa walioipata kwa majuma 3, pamoja na dawa zao za kawaida, walipata nafuu kuliko walipopulizwa maji yasiyo na dawa.

Tajriba zilizofuata zilikhitilafiana: baadhi ziliona faida ndogo katika kuzitambua hisia za watu, nyingine hazikuona kitu, tena homoni hii huisha damuni kwa dakika chache, na kinachofika ubongoni kutoka puani ni haba.

Basi tusiinunue oksitosini wala tusiache dawa alizoandika tabibu. Hospitali ya maradhi ya akili ya Al Masarra, ambayo jina lake maana yake ni furaha, iko wilaya ya Al Amerat. Mpeleke kijana wako mapema, na arudipo mmiminie kahawa pale pale alipozoea kukaa.