Binti wa Brunei na Kipimo cha Ushindi

Mwaka 2008 Brunei, nchi ndogo ya Kiislamu kisiwani Borneo, ilikosa Olimpiki ya Beijing kwa kutowasajili wanamichezo wake. Miaka minne baadaye, ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, ilifika London na wanamichezo watatu tu. Bendera aliibeba Maziah Mahusin, binti wa miaka 19, mwanamke wa kwanza kuiwakilisha nchi hiyo katika Olimpiki. Alikimbia mita 400 kwa sekunde 59.28. Hakufuzu hatua iliyofuata, lakini aliweka rekodi ya taifa lake.

Wazazi wenzangu, watoto wanapotuletea ripoti za shule, tusikimbilie kuuliza nani amewashinda. Tuulize kwanza: je, mwanetu amepiga hatua kuliko jana?