KASIDA NA UDUGU: KWA NINI TUNAIMBA PAMOJA?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. 

Hapa Tukuyu, na Rungwe kwa jumla, kuimba kwa kundi si jambo geni. Wamishionari wa Moraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mpaka leo majirani zetu Wakristo wanapenda sana kwaya na matarumbeta. Kwa sababu hiyo baadhi yenu huuliza: "Ustadhi, kuimba kwa kundi si mambo ya kanisani? Je, sisi tumeiga?" Swali hili linastahili jibu.

Tuanze na historia. Mwaka wa 5 Hijria (627 Miladia) mji wa Madina ulitishiwa na makundi ya maadui, na likachimbwa handaki kwa shauri la Salman al-Farisy (R.A.). Imepokewa kuwa ilikuwa asubuhi ya baridi, na Muhajirina na Ansari walikuwa na njaa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alibeba udongo hadi vumbi likamfunika tumbo, huku akitamka mashairi na masahaba wakimwitikia. Mashairi mengine yalikuwa ya Abdullah bin Rawaha (R.A.), na mwisho wa ubeti Mtume (S.A.W.) aliinua sauti. Tazameni basi: kiongozi mmoja, waitikiaji wengi, kazi moja. Mpangilio huo ndio tunaoukuta katika kasida.

Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki mfano mashuhuri ni Lamu. Habib Swaleh, ambaye jina lake limefungamana na Msikiti wa Riyadha, aliwafundisha dini hata watu waliodharauliwa katika mji, wakiwemo watumwa na waliotoka utumwani. Maulidi yalisomwa kwa sauti za pamoja na kwa madufu, na waliokuwa wakikaa pembeni wakapata nafasi ndani ya duara. Hadi leo watu husafiri kutoka nchi mbalimbali kwenda kuhudhuria Maulidi ya Lamu.

Ni kweli kuwa wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu maulidi na dufu. Anayejizuia kwa hoja tumheshimu, wala tusigombane naye. Hapa nazungumzia faida ya watu kuunganisha sauti zao katika kumsifu Allah (S.W.) na kumswalia Mtume wake.

Kwanza, kasida inafundisha kusikiliza. Kiongozi anatoa ubeti, na wenzake wanaitika. Anayeitika kabla ya wakati anaharibu, na anayepiga kelele kuwafunika wenzake anaharibu zaidi. Kipimo ni hiki: ukiimba na humsikii jirani yako, umepita kiasi, punguza sauti.

Pili, inampa kila mtu kazi. Dufu ni ngozi iliyowambwa kwenye duara la mbao. Kwetu Tukuyu mvua na ukungu ni vingi. Ngozi ikinyonya unyevu inalegea na mlio wake unakuwa butu. Kwa hiyo kabla ya kuanza, lazima mtu akae na jiko la mkaa ayaoteshe madufu moto, akiyageuza taratibu yasiungue. Hakuna anayemtazama wala kumsifu, lakini bila yeye kasida haina mdundo. Vivyo hivyo anayeandika beti daftarini, anayewapanga wadogo mistari, na anayebeba mabegi mnapoalikwa Kiwira au Kyela. Mkifika mnakula sinia moja, mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mkulima wa ndizi.

Tatu, inaunganisha hata miili. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, walipima mapigo ya moyo ya vijana waliokuwa wakiimba pamoja. Walikuta mioyo yao ikienda kasi na kupungua kwa pamoja. Sababu ni pumzi: wanaoimba wimbo mmoja huvuta na kutoa pumzi kwa wakati mmoja, na moyo hufuata pumzi. Ndiyo maana mtu huingia mazoezini na huzuni yake, akatoka amepoa kifua.

Sasa nizungumze na vijana wa miaka 13 hadi 15. Katika umri huo sauti ya mvulana inavunjika. Jana aliimba juu kama kinanda, leo inakwaruza na wenzake wanacheka. Wapo wanaoanza kuiaga kasida kwa aibu hiyo, kisha wakaiaga na madrasa yenyewe. Hiyo ni hasara kubwa, hasa katika wilaya kama yetu ambamo Waislamu ni wachache, na kijana akiondoka katika kundi hana kundi jingine la kumpokea kwa urahisi. Fahamuni kuwa kuvunjika kwa sauti ni maumbile ya Allah (S.W.), wala si kasoro. Wakati huo usilazimishe sauti ya juu. Shika dufu, au itikia chini chini, mpaka sauti yako mpya itulie. Na wanaocheka waache, kwani jambo hilo linawangoja na wao.

Mwisho, tuchunge adabu. Adhana ikitolewa tunanyamaza na kwenda kuswali. Masomo ya Qur'ani yasiachwe kwa ajili ya mazoezi. Nia isiwe kushindana wala kujionyesha, kwani riya hula amali. Na majirani wasio Waislamu wakisimama kusikiliza, wakaribisheni vizuri. Nao ni watu wa kuimba, wanaijua furaha hii.

Basi mwenzenu asipoonekana mazoezini wiki mbili, msiseme tu "fulani kaacha". Nendeni kwao, mmwambie nafasi yake katika mstari bado iko wazi.

Wabillahi tawfiq.