Mtunzi ni Nani? Mazungumzo, Mali na Utunzi wa Pamoja katika Jaribio la Kamĩrĩĩthũ

Utangulizi

Wanafunzi wetu wa fasihi huzoeshwa mapema kuuliza, kila washikapo kitabu, kwamba aliyekitunga ni nani. Swali hili laonekana kuwa jepesi, na kwa vitabu vingi jibu lake limeandikwa kwenye jalada. Lakini zipo kazi za sanaa ambazo hulikataa jibu la jalada. Ngano haina mtunzi anayejulikana. Wimbo wa kilimo hutungwa na yeyote aliyeshika jembe siku hiyo. Hata katika ushairi wa Kiswahili, ambako mtunzi wa utenzi mara nyingi hujitaja jina katika beti za mwisho, twaijua tahmisi, yaani mtindo wa mshairi kuchukua mishororo miwili ya mwenziwe na kuitangulizia mitatu yake mwenyewe. Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdalla bin Nasir kwa shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Kwa hiyo utunzi wa pamoja si jambo geni kwetu. Jambo geni ni kuufanya kwa makusudi, kama jaribio, katika zama ambazo kitabu ni bidhaa na jina la mtunzi ni mali.

Nia ya makala haya ni kulichunguza jaribio moja la aina hiyo, nalo ni lile la Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Jamii ya Kamĩrĩĩthũ, huko Limuru, kati ya mwaka 1976 na 1982. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya siasa za jaribio hilo. Sisi tutashughulika na mambo matatu yaliyofungamana: mazungumzo yaliyoizaa tamthilia, mali iliyokuwa mada yake, na swali la nani alikuwa mwenyewe wa kazi iliyopatikana.

Jinsi tamthilia ilivyopatikana

Kamĩrĩĩthũ ni kijiji kilichoanzishwa wakati wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950, Serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu mahali pamoja ili iweze kuwachunga. Katika miaka ya 1970 wakazi wake wengi walikuwa wakulima wenye vishamba vidogo, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa viwanda vya jirani. Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijiji alifika nyumbani kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akamtaka yeye na wenzake waliosoma walete sehemu ya elimu yao kijijini. Akarudi wiki baada ya wiki mpaka ombi lake likakubaliwa. Yafaa ikumbukwe, basi, kwamba mwanzo wa jambo hili haukuwa katika chumba cha mwandishi. Ulikuwa mlangoni mwake, na aliyebisha hodi alikuwa mwanakijiji.

Kazi ya kwanza ilikuwa kisomo cha watu wazima, naye Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Maendeleo ya chuo hicho hicho, aliishughulikia sana. Watu walifundishwa kusoma kwa kuyazungumza maisha yao wenyewe: mshahara, bei ya vitu, karo, ardhi. Kutoka katika mazungumzo hayo likatokea wazo la mchezo wa kuigiza. Waandishi hao wawili waliombwa waandike mswada, nao wakauleta kwa jamii katika mwaka 1977. Hapo ndipo kazi ilipoanza hasa, kwani mswada haukupokewa kama msahafu. Ulisomwa hadharani, ukapingwa, ukaongezwa na kupunguzwa. Mazoezi, yaliyosimamiwa na Kimani Gecau, yalifanywa mahali pa wazi mwishoni mwa juma, na yeyote aliyepita njia aliweza kusimama, kutazama na kutoa maoni yake. Tamthilia hiyo, Ngaahika Ndeenda, ilifunguliwa rasmi tarehe 2 Oktoba 1977, na wakati huo wengi wa watazamaji walikuwa wamekwisha kuyajua maneno yake kwa moyo.

Jukwaa nalo lilijengwa kwa namna hiyo hiyo. Kituo kilikuwa na uwanja wa ekari 4 na banda la udongo lililokuwa likibomoka. Wafanyakazi wa kijiji walichora ukumbi kwa kupanga vijiti vya kiberiti ardhini, kisha wakatengeneza mfano mdogo, hatimaye wakaujenga ukumbi wenyewe: jukwaa la nusu duara, ukuta wa mianzi nyuma yake, na viti virefu vya mbao vilivyopangwa kama ngazi, visivyo na paa. Watu zaidi ya 2,000 waliweza kuketi humo.

Mazungumzo juu ya lugha

Kwa wasomi wa lugha, sehemu ya jaribio hili yenye faida kubwa kuliko zote ni yale mabishano ya mazoezini. Ngũgĩ alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, kwamba wanakijiji waliwasahihisha waandishi mara kwa mara. Walisema kwamba mzee hawezi kusema hivi mbele ya kijana. Kwamba mtu wa rika fulani angetumia methali mahali ambapo mwandishi ametumia maneno makavu.  Wahadhiri waliokuwa wamefundisha fasihi kwa Kiingereza kwa miaka mingi wakajikuta wanafunzi katika lugha yao ya kuzaliwa.

Jambo hili linahitaji kuangaliwa kwa makini. Kila mmoja wetu anajua kanuni za sarufi zinazofundishika darasani. Lakini zipo kanuni nyingine, za nani aseme nini kwa nani na kwa sauti gani, ambazo hazimo katika vitabu vyetu vya sarufi, na ambazo mwenyeji wa lugha huzitambua pale tu zinapovunjwa. Mazoezi ya Kamĩrĩĩthũ yalikuwa, bila ya kukusudiwa, maabara ya kanuni hizo. Kila kosa la mwandishi liliitoa kanuni mafichoni, na kila sahihisho liliitamka.

Upo pia mfano ambao unalipita sahihisho la kawaida. Ndani ya tamthilia mna sehemu ya Gĩtiiro, sanaa ya kale ya kujibizana kwa nyimbo wakati wa sherehe. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, sehemu hiyo iliandikwa neno kwa neno kama ilivyotamkwa na mwanamke mkulima asiyejua kusoma wala kuandika. Tukiuliza basi nani aliitunga Gĩtiiro ya Ngaahika Ndeenda, jalada halitatusaidia. Wala kumtaja mwanamke huyo peke yake hakutatosha, maana naye aliipokea kwa waliomtangulia.

Mali kama mada na mali kama nyenzo

Kisa chenyewe ni cha mali. Kĩgũũnda, kibarua, anamiliki ekari moja na nusu tu ya shamba, na hati ya shamba hilo ndiyo fahari ya nyumba yake. Tajiri Ahab Kĩoi na washirika wake wanaitaka ardhi hiyo kwa ajili ya kiwanda. Kĩgũũnda na mkewe Wangeci wanashawishiwa wafunge ndoa kanisani. Gharama za arusi zinawafanya wakope benki kwa rehani ya shamba. Mwishowe shamba linakwenda. Binti yao Gathoni naye anaachwa na mimba na mtoto wa tajiri huyo huyo.

Mada hii haikubuniwa mbali na waigizaji. Ngũgĩ anasimulia kwamba wakati wa kuujadili mswada wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha viatu walipiga hesabu ya kazi yao, wakaona kwamba thamani ya viatu vilivyotengenezwa kwa siku moja ilitosha kulipa mshahara wa mwezi mzima wa wafanyakazi wote, wapatao 3,000. Wakauliza siku nyingine 29 walikuwa wakimfanyia nani kazi. Hesabu hiyo ikaingia katika mazungumzo ya wahusika. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba wahusika wa tamthilia hii wanahubiri mno, hatuna budi kukumbuka kwamba baadhi ya mahubiri hayo yalitoka kwa watu waliokuwa wakisoma stakabadhi zao za mshahara.

Lakini mali ilikuwa suala la sanaa yenyewe pia, si la kisa tu. Ukumbi ulijengwa kwa nguvu za wanakijiji. Waigizaji walikuja baada ya kazi za riziki. Kilichotolewa na kila mtu kilikuwa wakati, nao wakati wa kibarua ndiyo mali pekee aliyo nayo. Fasihi ya kitabu humlipa mtunzi kwa jina na mrabaha. Je, fasihi ya namna hii humlipa nani, na kwa kitu gani?

Nani alikuwa mwenyewe?

Tamthilia ilipochapishwa mwaka 1980 ilibeba majina mawili, la Ngũgĩ wa Thiong'o na la Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mwaka 1982 ilitolewa kwa Kiingereza na pia kwa Kiswahili, kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Wapo wahakiki walioushuku ushirika huu. Wanasema kwamba waliosoma ndio walioshika kalamu, na kwamba neno "jamii" laweza kuwa kitambaa cha kufunikia uongozi wa wachache. Pingamizi hili lina uzito. Mswada wa kwanza uliandikwa na wawili, na mtu hasahihishi ila kile kilicholetwa mbele yake.

Hata hivyo, ushahidi mmoja umetolewa na wale ambao hawakuwa na haja ya kuusifu ushirika huo. Tarehe 16 Novemba 1977 kibali cha maonyesho kilifutwa. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Ngũgĩ wa Mĩriĩ hakuwekwa kizuizini, wala Gecau, wala waigizaji. Twaweza kusema kwamba katika mwaka 1977 dola iliisoma tamthilia hii kama mwanafunzi wetu wa shule: ilitafuta mtunzi mmoja, ikampata. Ilidhani kwamba mtunzi akiondolewa utunzi utakoma.

Haukukoma. Wanakijiji walirudi katika mazoezi wakiwa na tamthilia nyingine, Maitũ Njugĩra, iliyokusudiwa kuonyeshwa katika Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa mwezi wa Februari 1982. Walipofika, milango ilikuwa imefungwa. Mazoezi yakaendelea katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako, kwa makadirio ya Ngũgĩ, watu kati ya 12,000 na 15,000 waliyahudhuria kabla hayajapigwa marufuku. Mwezi wa Machi kibali cha kituo kilifutwa, na tarehe 12 polisi wakaubomoa ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ. Mwaka huo huo Gecau na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikimbilia Zimbabwe, na Ngũgĩ wa Thiong'o akabaki ughaibuni.

Tofauti kati ya matendo haya mawili inastahili kutafakariwa. Mwaka 1977 alifungwa mtu. Mwaka 1982 yalibomolewa mahali. Katika miaka hiyo minne na ushei dola ilikuwa imejifunza yale ambayo wahakiki wangali wanayabishania, kwamba mwenyewe wa kazi ile hakuwa mtu mmoja. Anayebomoa viti vya mbao anakiri kwamba waliokaa juu yake walikuwa watunzi.

Mfano wa majirani

Wasanii wa Tanzania walilikabili swali hili kwa njia nyingine katika miaka hiyo hiyo. Harakati za Ukombozi, iliyochapishwa mwaka 1982, ilitoka kwa majina ya Amandina Lihamba, Ndyanao Balisidya na Penina Muhando, bila ya kutenganisha sehemu ya huyu na ya yule. Ayubu, iliyochapishwa mwaka 1984, ilitoka kwa jina la kundi la Paukwa. Basi tunazo njia tatu: kumtaja aliyeshika kalamu, kuwataja wote walioishika, na kulitaja kundi. Kila njia ina hasara yake. Ya kwanza humsahau mwanamke wa Gĩtiiro. Ya tatu humkumbuka, lakini bila jina.

Hitimisho

Nitaolewa Nikipenda yaweza kufundishwa madarasani mwetu kama tamthilia ya watunzi wawili yenye maudhui ya unyakuzi wa ardhi. Kuifundisha hivyo si kosa, ila ni kuifundisha nusu. Twapendekeza mambo mawili. Kwanza, anayeifundisha awaonyeshe wanafunzi jinsi ilivyopatikana, na awaombe waisome kwa sauti mbele ya wazee wao, kisha waandike kila mahali ambapo wazee watasema, "Hivi hatusemi." Orodha hiyo itakuwa mchango katika uchunguzi wa lugha. Pili, kila msomi anayekusanya nyimbo, ngano au majibizano kutoka kwa wananchi aandike, kwa idhini yao, jina la aliyempa, siku na mahali, na akubaliane nao mapema juu ya jina la kazi na faida yake endapo itachapishwa.

Ngũgĩ wa Mĩriĩ alifariki mwaka 2008, na Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 2025. Majina yao yamehifadhiwa na vitabu. Wale waliopanga vijiti vya kiberiti ardhini hawana jalada. Wahadhiri na wachunguzi wa lugha za Kiafrika ndio watu ambao kazi yao huanzia katika vinywa vya watu kama hao, na huishia katika machapisho yenye majina ya wachunguzi. Swali la Kamĩrĩĩthũ, basi, ni swali letu pia.