Programu Ileile kwa Kila Mjenzi

Katika zahanati za Wilaya ya Muleba, kuanzia vilima vya Kamachumu hadi kisiwa cha Bumbire katika Ziwa Viktoria, wagonjwa wahudumiwao huandikwa katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mwezi unapokwisha, hesabu hujumlishwa, na jumla hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Hivyo ofisa wa afya aliyeko Muleba, Bukoba au Dodoma huweza kuona kwa majedwali na michoro ni wapi malaria inapanda na ni wapi inashuka.

Mkoa wa Kagera umekwisha kuonyesha uzito wa tarakimu za namna hiyo. Utafiti uliofanywa Muleba, na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018, ulionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya PBO hukinga malaria zaidi kuliko vyandarua vya kawaida mahali ambapo mbu wamezoea viuatilifu. Tena, tarehe 21 Machi 2023, Tanzania ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huohuo, waliougua walikuwa 9, na kati yao 6 walikuwa wamefariki. Penye hesabu ndogo kama hizi, kumkosea mgonjwa mmoja si jambo dogo.

Kitabu cha MTUHA hukaguliwa kwa njia iliyo wazi: mtu wa pili hujumlisha upya, kisha majibu mawili hulinganishwa. Swali linalozuka ni hili: je, programu yenyewe inayojumlisha na kuchora hukaguliwaje?

Kilichoandikwa na Kinachotumika

DHIS2 huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, na wataalamu wa Tanzania, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameshiriki katika kuiendeleza. Msimbo wake chanzo, yaani maandishi ya waandishi wa programu, uko wazi kwa yeyote atakaye kuusoma. Sehemu ikaayo katika seva imeandikwa kwa lugha ya Java. Kurasa azionazo mtumiaji katika kivinjari zimeandikwa hasa kwa lugha ya JavaScript.

Hata hivyo, kinachofika kwa mtumiaji si maandishi yaleyale. Msimbo chanzo huunganishwa na vifurushi vya watu wengine, hubanwa ili uwe mdogo, kisha hufungwa katika faili moja. Kazi hiyo huitwa kujenga programu. Vifurushi vingi vya JavaScript huchukuliwa kwa intaneti kutoka hazina iitwayo npm. Kwa kuwa kifurushi kimoja hutegemea vingine, navyo hutegemea vingine tena, programu ya kawaida huweza kuhitaji vifurushi mamia, pengine zaidi ya 1,000.

Matukio mawili yalidhihirisha hatari iliyomo. Tarehe 22 Machi 2016, mwandishi mmoja aliondoa vifurushi vyake katika hazina hiyo. Kimoja kilichoitwa left-pad kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza herufi upande wa kushoto, kwa mfano kuigeuza 7 kuwa 007. Ujenzi wa programu nyingi duniani ulikwama mpaka kiliporudishwa. Mwaka 2018 tukio lilikuwa baya zaidi: kifurushi kilichotumiwa na wengi, event-stream, kilifanywa kitegemee kingine kilichofichwa msimbo wa kuiba fedha za kidijitali. Msimbo huo wa wizi ulikuwa katika faili lililobanwa na kupelekwa npm, wala haukuonekana katika msimbo chanzo uliowekwa wazi. Aliyesoma chanzo peke yake asingeuona.

Mfano wa Tanuri la Chuma

Wazo la kukagua kwa kutengeneza upya si geni Buhaya. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya, waliojua ufuaji wa chuma tangu ujana wao, walijenga tena tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Peter Schmidt na Donald Avery walieleza matokeo katika jarida la Science mwaka 1978. Maelezo ya mdomo peke yake yasingetosha. Ilibidi udongo, mawe ya chuma, makaa na mifuo vikutanishwe tena, na kazi ifanywe hatua kwa hatua.

Programu nayo ina malighafi, zana na hatua zake. Ikiwa hayo matatu yamejulikana kikamilifu, mjenzi wa Bukoba na mjenzi wa Oslo wanapaswa kupata faili moja, lisilotofautiana hata kwa biti moja. Ujenzi wa namna hiyo huitwa ujenzi unaorudiwa. Tanuri haliwezi kutoa vipande viwili vya chuma vilivyo sawa kabisa. Kompyuta yaweza kutoa mafaili mawili yaliyo sawa, lakini kwa masharti.

Masharti Matatu

Sharti la kwanza ni orodha kamili. Haitoshi kuandika kwamba programu yahitaji kifurushi fulani "toleo la 4 au la baadaye", kwani toleo la leo si la kesho. Katika JavaScript, faili liitwalo package-lock.json hutaja kila kifurushi, toleo lake halisi na alama yake bainishi.

Alama bainishi ndiyo sharti la pili. Ni namba ipatikanayo kwa kupitisha faili zima katika kanuni ya hesabu. Herufi moja ikibadilika, namba nayo hubadilika. Kanuni itumikayo sana hapa, SHA-512, hutoa namba ya biti 512, na hakuna njia ijulikanayo ya kutengeneza mafaili mawili tofauti yenye alama moja.

Sharti la tatu ni chumba kilichofungwa. Vifurushi vyote huletwa kwanza na kulinganishwa na orodha. Kisha ujenzi hufanyika mahali palipotengwa ndani ya kompyuta, pasipo intaneti na pasipo kuona mafaili mengine ya mwenye kompyuta. Eelco Dolstra wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, alieleza msingi wa utaratibu wa jinsi hii katika tasnifu yake ya mwaka 2006 kuhusu mfumo wa Nix. JavaScript huusumbua utaratibu huu, kwa sababu baadhi ya vifurushi hujaribu kupakua vitu vingine wakati wa kusimikwa. Ndani ya chumba kilichofungwa jaribio hilo hushindwa mara moja, na mjenzi hulazimika kukiongeza kitu hicho katika orodha.

Hata baada ya hayo, saa yaweza kuharibu kazi. Faili la zip huhifadhi tarehe za mafaili yaliyomo. Kwa hiyo ujenzi wa Jumatatu na wa Jumanne hutofautiana ingawa programu ni ileile. Dawa yake ni kuweka tarehe moja maalumu kwa mafaili yote, na kuyapanga kwa mfuatano mmoja.

Jaribio la Darasani

Wanafunzi waweza kulielewa jambo hili kwa kalamu na karatasi. A iwe 1, B iwe 2, mpaka Z iwe 26. Anza na 0. Kwa kila herufi, zidisha namba uliyo nayo kwa 3, ongeza namba ya herufi, kisha gawanya kwa 97 na ubaki na baki tu. Neno BUKOBA hutoa 2, 27, 92, 0, 2 na mwisho 7. Neno MULEBA hutoa 13, 60, 95, 96, 96 na mwisho 95. Likiandikwa MULEBE, jibu la mwisho ni 2. Herufi za mwisho za BUKOBA zikibadilishana nafasi, jibu ni 5 badala ya 7.

Darasa ligawanywe katika makundi mawili yasiyosemezana, kila kundi likokotoe alama ya sentensi moja, kisha majibu yalinganishwe. Yakitofautiana, itafutwe hatua ya kwanza ambapo makundi yaliachana. Mwalimu aonyeshe pia udhaifu wa kanuni hii: majibu yawezekanayo ni 97 tu, hivyo maneno mengi hushiriki alama moja.

Mpaka wa Kanuni

Ujenzi unaorudiwa hauthibitishi kwamba programu ni sahihi. Mbegu mbovu hutoa mmea mbovu kila msimu, na msimbo wenye kosa hutoa kosa lilelile kwa kila mjenzi. Kinachothibitishwa ni kwamba programu itumikayo imetokana na msimbo unaosomeka, wala hakuna kilichoingizwa njiani. Baada ya hapo, kusoma msimbo kunakuwa na maana, kwa kuwa kinachosomwa ndicho kinachofanya kazi.

Kwa muuguzi wa Bumbire ajazaye kitabu chake kwa uangalifu, faida ni hii: hesabu yake itakaguliwa mpaka mwisho wa safari yake, kwenye karatasi na ndani ya mashine pia.