Chakula, Deni na Bati: Jinsi ya Kupanga Fedha za Pamba Nyumbani



Mwezi wa Mei au Juni unapofika na mizani kufunguliwa katika vituo vya kununulia pamba, maisha ya kaya nyingi za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hubadilika kwa muda wa majuma machache. Mkulima aliyekaa tangu Novemba bila kipato cha maana hupokea fedha kwa mkupuo mmoja. Papo hapo mwenye duka anangoja chake, aliyemkopesha wakati wa palizi anangoja chake, watoto wanahitaji sare, na paa la nyasi lililovuja masika yote linadai bati. Isitoshe, huo ndio msimu wa mbina na wa arusi, ambapo mtu huona haya kuonekana mkono mtupu.

Ni makosa kusema kwamba mkulima hajui kutunza fedha. Shida yake ni kwamba fedha za mwaka mzima humfikia siku moja, na wadai wote humfikia siku hiyo hiyo. Mshahara wa mtumishi hugawanywa na mwajiri katika miezi kumi na miwili. Wa mkulima hapana budi augawanye mwenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza utaratibu mmoja wa kugawanya: chakula kwanza, deni lenye riba kali la pili, na nyumba ya tatu. Tutaonyesha kwa hesabu kwamba mwenye kufuata utaratibu huo hapotezi nyumba yake, bali huijenga kwa gharama ndogo zaidi.

Bei ya mwaka mmoja si ahadi ya mwaka wa pili

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba bei ya pamba haitegemei jasho la mkulima peke yake. Hufuata soko la dunia. Mwaka 2019 bei ya msimu ilitangazwa kuwa Sh. 1,200/= kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa miezi wakisubiri malipo ya pamba waliyokwisha kuipima. Mwaka 2022 msimu ulifunguliwa kwa Sh. 1,560/=; mwaka uliofuata, 2023, ukafunguliwa kwa Sh. 1,060/=.

Tuchukue mwanachama mwenye ekari tatu, anayevuna kilo 300 kwa kila ekari, yaani kilo 900. Kwa bei ya kufungulia msimu wa 2022 angepata Sh. 1,404,000/=. Kwa ile ya 2023, kwa pamba ile ile na jembe lile lile, angepata Sh. 954,000/=. Tofauti ni Sh. 450,000/=. Kwa hiyo aliyekopa bati mwaka 2022 akiahidi kulipa kwa bei ya mwaka huo, alijikuta na pengo ambalo hakulisababisha. Yafaa basi kila kaya ipange matumizi kwa bei ya mwaka mbaya. Bei ikizidi, ziada hiyo ni faida. Ikipungua, hakuna kilichoharibika.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Kabla ya siku ya mizani, bwana na bibi wa kaya na wakae pamoja, pamoja na mtoto mkubwa ajuaye kuandika ikiwa yupo, wafungue daftari la kawaida la shule. Ukurasa wa kwanza uandikwe madeni yote: anayedai, kiasi, riba, na tarehe ya kulipa. Deni dogo la chumvi na sabuni dukani nalo liandikwe. Ukurasa wa pili uandikwe mapato yanayotarajiwa: pamba, dengu, choroko, mpunga, mbuzi wa kuuza. Ukurasa wa tatu uandikwe matumizi ya lazima hadi msimu ujao.

Twasisitiza kwamba bibi awepo. Yeye ndiye ajuaye debe la mahindi huisha baada ya siku ngapi, na ndiye ahangaikaye mwezi wa Januari ghala likiwa tupu. Mpango uliofanywa bila yeye ni mpango wa nusu ya nyumba.

Kuhusu chakula, hesabu ifanywe kwa vipimo, si kwa macho. Tukikisia nusu kilo ya nafaka kwa mtu kwa siku, kaya ya watu saba hula kilo tatu na nusu kila siku, yaani magunia yapatayo kumi na matatu ya kilo mia kwa mwaka. Michembe na matobolwa hupunguza kiasi hicho, na kila kaya yenye shamba la viazi isiache kuvianika. Gunia lililo ndani ya hesabu hii lisiuzwe mwezi wa Juni ili kununua kitu cha nyumba, kwa kuwa huuzwa wakati kila mtu anauza na kununuliwa tena wakati kila mtu anatafuta. Huko ni kulipa riba, ingawa haiitwi riba.

Mfano wa kaya moja

Tumfuate yule mwanachama wetu wa mfano mwenye kilo 900. Kwa urahisi wa hesabu, na kwa tahadhari, tumkadirie Sh. 1,000/= kwa kilo. Pamba yake ni Sh. 900,000/=. Tuseme mbegu na viuadudu alivyochukua kwa mkopo ni Sh. 90,000/=, zitakazokatwa. Zinabaki Sh. 810,000/=. Dengu zinampatia Sh. 270,000/=. Jumla ya fedha mkononi ni Sh. 1,080,000/=.

Matumizi yake ya lazima ni haya:

Jikoni, sabuni na kusaga, Sh. 35,000/= kwa mwezi: Sh. 420,000/= kwa mwaka.
Sare, madaftari na mahitaji ya shule: Sh. 90,000/=.
Matibabu: Sh. 60,000/=.
Kukodi maksai na palizi ya msimu ujao: Sh. 120,000/=.
Jumla: Sh. 690,000/=.

Zinabaki Sh. 390,000/=. Madeni yake ni matatu. Anadaiwa Sh. 150,000/= na mtu binafsi, kwa riba ya asilimia kumi kila mwezi. Anadaiwa Sh. 80,000/= dukani, bila riba. Tena ana mkopo wa chama cha akiba na mikopo, ambao fungu lake la mwaka huu, pamoja na riba, ni Sh. 80,000/=. Jumla ya yanayotakiwa mwaka huu ni Sh. 310,000/=.

Sasa yuko njia panda. Njia ya kwanza ni kuchukua zile Sh. 390,000/= zote na kununua bati, maana jirani ameezeka. Njia ya pili ni kulipa Sh. 310,000/=, na kubaki na Sh. 80,000/= tu.

Akishika njia ya kwanza, lile deni la Sh. 150,000/= litaongezeka Sh. 15,000/= kila mwezi. Baada ya miezi kumi na miwili riba peke yake itakuwa Sh. 180,000/=, na deni lote Sh. 330,000/=; nalo litazidi hapo ikiwa mkopeshaji hutoza riba juu ya riba. Mwenye duka atakuwa amemfungia mlango. Chama cha akiba kitakuwa kimewaita wadhamini wake. Mwisho wa yote atauza maksai, na bila maksai ekari tatu zitakuwa mbili. Bati litang'aa juu, lakini chini yake kaya imepungukiwa.

Akishika njia ya pili, mwaka wa kwanza hataonekana amefanya kitu. Zile Sh. 80,000/= atazigawa: Sh. 40,000/= akiba ya dharura, na Sh. 40,000/= kuanzia matofali. Lakini mwaka wa pili, mavuno yakiwa yale yale, zile Sh. 230,000/= zilizokuwa za mkopeshaji na za duka hazina mdai. Zikiongezwa kwenye Sh. 40,000/= za nyumba, zinakuwa Sh. 270,000/= za kujengea. Fedha zilizokuwa zikilisha deni sasa zinalisha nyumba. Hiyo ndiyo maana ya usemi wa wazee kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Deni lipi litangulie

Fedha zisipotosha madeni yote, deni lenye riba kali zaidi litangulie, hata kama mdai wake si mkali wa maneno. Deni la duka lisilo na riba laweza kulipwa kwa mafungu, mradi mwenye duka aendewe mapema na kuelezwa. Mdai humchukia zaidi anayejificha kuliko anayechelewa. Fungu la chama cha akiba na mikopo lisirukwe, kwa sababu fedha zile ni akiba ya wanachama wenzako, na mdhamini wako atakatwa kwa ajili yako.

Deni baya kuliko yote ni la kuuza zao lingali shambani. Kule Kagera wakulima wa kahawa huliita butura: mtu hupokea fedha kidogo kahawa ikiwa bado mtini, na wakati wa mavuno humkabidhi mnunuzi kwa bei ile ya shida. Kwetu pia wapo wanaojaribiwa hivyo wakati wa njaa ya Januari. Ile akiba ndogo ya dharura, hata ikiwa Sh. 40,000/=, ndiyo ngao dhidi ya jaribu hilo.

Chama Kikuu nacho ni mfano wa kutosha. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Vya mikoa ya pamba viliingia miaka ya 1990 vikiwa na mizigo ya madeni ya benki, na biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, havikuwa na nguvu ya kushindana. Kilichokipata chama chaweza kuipata kaya.

Nyumba kwa hatua

Nyumba haina haja ya kukamilika kwa msimu mmoja. Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi: ni kuchagua mahali. Udongo mweusi wa mbuga huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na ukuta uliosimama juu yake hupasuka nao. Yafaa kujenga penye mwinuko na udongo wa kichanga, na msingi uwe wa mawe, ambayo katika sehemu nyingi za mkoa wetu hayauzwi mbali.

Hatua ya pili ni matofali, yanayofyatuliwa na nguvu za kaya wakati wa kiangazi, pamba ikiisha. Hatua ya tatu ni paa. Kabla ya kununua bati, paa lipimwe na fundi ili idadi ijulikane. Na ikumbukwe kwamba geji 28 ni bati nene kuliko geji 30, hivyo bei mbili zisilinganishwe kabla ya kujua geji. Mbao zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kupanda juu.

Hatua ya nne, ambayo wengi huisahau, ni mfereji wa bati na pipa la maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 40, mvua ya milimita 20 ikinyesha, hupokea lita 800, yaani ndoo arobaini za lita ishirini. Hata sehemu ikipotea, ni safari nyingi za kisimani ambazo akina mama na watoto wameondolewa. Plasta, rangi na sakafu ya saruji vyaweza kungoja. Lakini tundu la paa na ufa wa ukuta visingoje, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wajibu wa Katibu

Ndugu Katibu, mpango huu hautafaulu ikiwa mwanachama hajui anakatwa nini. Kila anayepima pamba apewe stakabadhi inayosomeka: kilo, bei, makato ya pembejeo, na kiasi kinachobaki. Asiyejua kusoma asomewe taratibu, faraghani. Majina ya wenye madeni yasitangazwe ovyo, kwa maana aliyefedheheshwa hurudi kwa mkopeshaji wa mtaani. Na katika mkutano wa wanachama kabla ya msimu, tenga muda mfupi, chukua ubao, uandike mfano tulioutoa hapo juu kwa tarakimu za chama chako.

Mwanachama asiye na deni kali hupima pamba yake yote katika chama chake, hana sababu ya kuipitisha usiku kwa mlanguzi. Hivyo daftari lile la shule lililo juu ya meza ya kaya ni nguzo ya ushirika pia. Lifunguliwe mwaka huu, kabla mizani haijafunguliwa.